Ninaficha miguu yangu hata kanisani

Mama Muuguzi, jambo sana.

Ninakuandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Nina miaka 41, watoto watano, na ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alfajiri niko kando ya ziwa wakati mitumbwi inarudi, halafu ninapanda na beseni mpaka sokoni. Mikono yangu haikauki: kuosha samaki, kuosha mabeseni, na nikifika nyumbani kufua na kuosha vyombo.

Shida ilianza na dole gumba la mguu wa kulia, sasa ni mwaka wa tatu. Ukucha uligeuka manjano upande mmoja, ukaendelea kunenepa, na leo ni mnene hata mkasi haukati. Chini yake kunatoka unga mweupe wenye harufu. Vidole vingine viwili vimefuata, na mguu wa kushoto umeanza. Katikati ya vidole vidogo ngozi ni nyeupe, imelowa, inabambuka, na usiku inawasha sana. Mkononi pia: kidole cha kati na cha shahada cha mkono wa kuume vimevimba pembeni ya ukucha, chumvi ikigusa ninalia, na kucha zenyewe zimekuwa na mabonde.

Nimejaribu mengi. Jirani alinipa ndimu na chumvi. Niliweka javeli, dawa ya kung'arishia nguo, ikanichoma mpaka nikashindwa kuvaa kiatu. Kijana wa farmasi aliniuzia vidonge kumi vya ketokonazoli pamoja na tyubu ya pomadi. Pomadi inatuliza muwasho siku mbili tatu, kisha unarudi kwa nguvu zaidi. Vidonge vitatu vimebaki. Na kila mwezi ninamwita kijana wa pedikire anayepita kwenye parseli, kiwanja tunachopanga, akigonganisha chupa zake za verni. Anakwangua, anakata ngozi za pembeni, anapaka rangi nyekundu nzito, na mimi ninapumua kidogo.

Shemeji yangu anasema nilikanyaga kitu kilichowekwa sokoni na mwenzangu tunayepakana meza, kwa sababu wateja wake wamehamia kwangu. Mwingine amesema chinichini kwamba kucha za namna hii ni za wenye ukimwi. Tangu nisikie hayo silali vizuri. Bwana yangu ni mlinzi wa usiku, anavaa bote za kazi tangu jioni mpaka asubuhi. Yeye nyayo zake zimekauka na zina unga mweupe miaka mingi, lakini anasema ni ugumu wa ngozi tu.

Kinachoniumiza kuliko yote ni hiki. Sisi ni Waadventista. Kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, tunatawadhana miguu. Mimi nimeacha kwenda. Sabato hiyo ikifika ninasema mtoto ana homa. Siwezi kumwekea dada mwenzangu mguu huu mikononi mwake, na ninaogopa kumwambukiza. Sasa tuko mwezi wa tatu, na mwezi wa nane mdogo wangu anaolewa. Nimechaguliwa kuwa msimamizi wa bibi-arusi na viatu vilivyoamuliwa ni vya wazi. Kuna dawa ya kuniponya kabla ya siku hiyo? Na je, niende kutawadha au niendelee kubaki nyumbani?

Mama wa Sambaza, Kadutu

*

Mama wa Sambaza,

Nianze na kanisa, maana hapo ndipo barua yako inapouma. Nenda. Usikose tena Meza ya Bwana kwa ajili ya ukucha.

Dalili zako zinafanana na za fangasi ya miguu, nayo husafiri katika vipande vidogo vya ngozi na unga wa kucha vinavyodondoka kwenye sakafu yenye unyevu, kwenye taulo, ndani ya viatu na kwenye vyombo vya kukatia kucha. Inapenda kukaa mahali palipolowa na joto kwa saa nyingi. Dada anayekumwagia maji miguuni kwa dakika moja, akakupangusa, kisha akanawa mikono na kuikausha, hatari yake ni ndogo sana. Peleka taulo lako mwenyewe na urudi nalo. Mashemasi wa kike wamwage maji na kuweka mengine kabla ya mtu mwingine kuketi, jambo ambalo makanisa mengi hulifanya hata bila kuambiwa. Nyumbani, usiku uliotangulia, loweka mguu, punguza ukucha kwa tupa na utoe unga wote. Sharti moja tu ninaliweka: ile ngozi iliyobambuka katikati ya vidole ipone kwanza, kwa sababu hapo ndipo fangasi ilipo hai na nyingi. Hilo ni jambo la wiki nne, nitakueleza chini. Robo ijayo ya mwaka itakukuta na ngozi nzima, hata kama ukucha bado ni mbaya. Na kama kuna dada mmoja unayemwamini, mwambie mapema kwamba una fangasi ya kucha na umeanza matibabu, kisha mwoshane wawili ninyi.

Sasa huyu mwenzako wa meza ya pili. Ninakuomba umwondoe kabisa katika jambo hili. Mara nyingi sana ugonjwa wako huletwa na fangasi inayoitwa Trichophyton rubrum, ambayo iko katika kila bara na inakula keratini, ile protini inayojenga ukucha na ngozi ya juu. Duniani inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja katika kumi ana fangasi ya kucha, na wazee ni wengi zaidi. Maaskari, wachimbaji, wachezaji wa mpira, walinzi, wote wanaofunga mguu ndani ya kiatu kwa saa nyingi wanaujua. Nimeona familia zinaacha kusalimiana kwa miaka kwa sababu ya kitu ambacho hadubini ingekionyesha kwa nusu saa. Shemeji yako labda anakupenda, lakini maneno hayo yatakuharibia jirani wa kazi ambaye siku ukiugua ndiye atakayekulindia beseni.

Kuhusu ukimwi: walio wengi wenye kucha za namna hii hawana virusi. Ipo aina moja ambayo sisi wauguzi huitazama kwa makini, ambapo weupe unaanzia shinani, pale ukucha unapochomoza kwenye nyama, na sio kwenye ncha au pembeni. Hiyo inaweza kuwa ishara kwamba kinga ya mwili imeshuka. Wewe umesema wako ulianza upande mmoja ukawa wa manjano, na hiyo ndiyo njia ya kawaida. Hata hivyo, kama maneno ya yule mtu yanakunyima usingizi, pima. Hofu ya kuotea gizani ni nzito kuliko jibu lolote, na ukishajua, una dawa au una amani. Siku hiyohiyo pima na sukari ya damu, na hili ninalisisitiza. Mwenye kisukari miguu yake hupoteza hisia polepole. Ukucha mnene unakandamiza ngozi ndani ya kiatu, ngozi inapasuka bila yeye kuhisi, bakteria wanaingia, na kidonda cha hapo kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Kwa mtu huyo fangasi ya ukucha si suala la uzuri hata kidogo.

Unataka kujua fangasi yako ilitoka wapi? Angalia nyayo za bwana yako.

Ngozi kavu, yenye unga mweupe kwenye wayo mzima mpaka pembeni, isiyowasha sana, inayodumu miaka na haijibu mafuta ya kupaka: mara nyingi huo si ugumu wa ngozi. Ni fangasi hiyohiyo, katika sura yake ya kimya. Anaishi nayo bila maumivu, anavua bote asubuhi, anatembea pekupeku chumbani, anaoga kwenye bafu ambalo wapangaji wote wa parseli mnatumia, na wewe unapita palepale na miguu iliyolowa maji ya samaki tangu alfajiri. Fangasi inaanza kwenye ngozi ya katikati ya vidole, na baada ya miezi au miaka inaingia chini ya ukucha. Ndiyo sababu ninakuambia: ukitibu ukucha na kuiacha ngozi yako na ya mume wako, utatumia makuta yako bure, kwa sababu utaambukizwa tena ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya ngozi, na ni ya watu wawili kwa wakati mmoja. Wewe, katikati ya vidole, pomadi ya klotrimazoli ya asilimia 1, asubuhi na jioni, kwa wiki nne, na usiache siku muwasho ulipoisha. Muwasho huisha mapema, fangasi huchelewa. Osha, kausha kila katikati ya kidole kwa kitambaa kikavu, halafu paka kidogo. Yeye, kwa nyayo zake kavu, ninampendelea pomadi ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki. Ni dawa ya zamani na rahisi. Inabandua ngozi iliyokufa na kuizuia fangasi isikue. Asiipake penye ufa unaotoa damu, itamchoma. Kama wayo ni mgumu mno na wiki nne zimepita bila badiliko, naye aende kuonana na daktari, kwa sababu aina hiyo wakati mwingine inataka vidonge.

Halafu bote. Hapa Bukavu kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano ni mvua juu ya mvua, na mlinzi mwenye jozi moja anaivaa leo ikiwa bado imelowa jasho na matope ya jana. Fangasi haiombi zaidi ya hapo. Kama kuna njia yoyote, apate jozi ya pili, hata ya mtumba, ili moja ikae siku nzima bila kuvaliwa. Kama haiwezekani, na ninajua kwa nyumba nyingi haiwezekani, atoe soli ya ndani kila asubuhi, ajaze magazeti makavu ndani ya bote, abadilishe magazeti mchana, na aziweke karibu na mbabula, jiko la makaa, si juu yake, mdomo wa bote ukielekea kwenye joto. Poda ya fangasi inyunyizwe ndani kabla ya kazi. Soksi ziwe za pamba, jozi mbili kwa usiku mmoja, abadilishe saa sita. Kuzifua kwa maji baridi na sabuni hakutoshi. Zichemshwe, au zifuliwe kwa maji ya moto sana, kisha zianikwe juani. Ninafahamu maana ya kuchemsha maji ya kufulia wakati bomba limekauka na bidoni za maji mnazinunua. Chemsha soksi na taulo peke yake, nguo nyingine ziache.

Watoto watano nao wawe na sandali zao za kuogea, kila mmoja zake. Watu wengi wananunua jozi moja, wanaiweka mlangoni mwa bafu, na nyumba nzima inaivaa. Hiyo jozi ndiyo inayopeleka fangasi kutoka mguu huu kwenda ule.

Sasa nina maneno makali kidogo kuhusu kile ulichouziwa. Vidonge vya ketokonazoli usivimeze tena. Dawa hiyo inaweza kuharibu ini vibaya, hata kwa mtu ambaye ini lake lilikuwa zima. Mwaka 2013 wakala wa dawa wa Ulaya ulipendekeza vidonge hivyo visitumike tena kutibu fangasi, na mwaka huohuo Marekani ikasema visitumike kwa kucha wala ngozi. Mwaka 2016 Wamarekani walirudia onyo, kwa sababu madaktari walikuwa bado wanavitoa kwa ajili ya kucha na mgonjwa mmoja alikuwa amekufa kwa ini kushindwa kazi. Kumbuka ninasema vidonge. Ketokonazoli ya kupaka au ya shampuu haina hatari hiyo. Vile vitatu vilivyobaki usimpe jirani, wala usiviweke mahali watoto wanafika. Na ukiona macho yako yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa wa rangi nzito, au chakula kinakutapisha, usingoje, nenda hospitali na paketi mkononi.

Ile pomadi inayotuliza siku mbili kisha moto unarudi, soma tyubu yake. Ukikuta jina betametazoni au klobetasoli, umepata sababu. Hizo ni steroidi. Zinazima uwekundu na muwasho kwa sababu zinanyamazisha kinga ya ngozi, na fangasi ikiachwa bila mlinzi inatanuka. Pomadi nyingi zinazouzwa kama dawa ya kila kitu zina steroidi, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi ndani ya tyubu moja. Mafuta mengi ya kujichubua nayo yana klobetasoli, ndiyo maana kina mama wanaoyatumia hupata fangasi za ngozi zenye sura ya ajabu ambazo hata daktari anapata taabu kuzitambua. Ndimu na javeli hazifiki chini ya ukucha ambako ugonjwa uko. Zinachoma nyama inayouzunguka, na nyama iliyoungua ni mlango.

Kabla ya kununua kitu kingine chochote kwa ajili ya kucha, zithibitishwe. Inakadiriwa kwamba karibu nusu tu ya kucha zilizoharibika ndizo zenye fangasi. Nyingine zimepigwa na kiatu kinachobana, nyingine ni ugonjwa wa ngozi uitwao soriasi, nyingine ni umri. Kumeza dawa ya miezi mitatu kwa ugonjwa usiokuwa nao ni hasara ya mwili na ya mfuko. Kipimo chenyewe ni rahisi: anayepima anakata ukucha, anakwangua unga ulio chini yake, karibu kabisa na sehemu ambayo bado ni nzima, anauloweka katika hidroksidi ya potasiamu ili keratini iyeyuke, kisha anaangalia nyuzi za fangasi kwa hadubini. Hadubini ileile ya malaria inatosha. Si kila labo inaweka dawa hiyo ya kuyeyusha, kwa hiyo tuma mtu aulize kabla hujafunga safari. Nenda bila verni, na uwe umeacha pomadi za fangasi kwenye kucha kwa wiki mbili angalau. Kama umemeza vidonge, ngoja wiki nne. Ikitoka bila kitu na ukucha una sura hii uliyonieleza, omba warudie, kwa sababu kipimo hiki hukosa mara nyingi.

Nitoke nje ya swali lako kidogo, kwa ajili ya wengine wanaosoma. Mstari mweusi unaotoka shinani mpaka nchani mwa ukucha ni wa kawaida kwetu sisi watu weusi, hasa ukiwa kwenye vidole vingi, na mara nyingi hauna shida. Lakini mstari mmoja, kwenye kidole kimoja, unaopanuka mwezi kwa mwezi au unaomwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni, unaweza kuwa saratani. Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 na saratani ya namna hiyo chini ya ukucha wa mguu, baada ya kidonda kilichodhaniwa kuwa cha mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, na miaka 36. Huo usipakwe verni, upelekwe hospitali.

Turudi kwako. Fangasi ikithibitishwa, dawa inayofanya kazi vizuri zaidi kwa kucha za miguu ni terbinafini, kidonge kimoja cha miligramu 250 kila siku kwa wiki 12. Yaani vidonge 84. Ninakuandikia hesabu hii ili kesho ukiuziwa kumi ujue umeuziwa nini. Si ruhusa ya kujinunulia. Daktari atataka kupima ini kwanza, na ataiacha kama una mimba au unanyonyesha, kwa sababu ukucha unaweza kusubiri. Watu wachache hupoteza ladha ya chakula wakati wa kumeza, ikikutokea, mwambie. Kuna pia itrakonazoli, ambayo wengine hupewa wiki moja kila mwezi, lakini haimfai mwenye moyo dhaifu. Griseofulvini bado utaikuta kwenye farmasi nyingi. Ni dawa ya zamani, kwa kucha za miguu huchukua mwaka na zaidi na mara nyingi inashindwa, kwa hiyo usikubali kuwekwa huko kama terbinafini inapatikana. Verni ya dawa, ile ya amorolfini ya kupaka mara moja kwa wiki, inafaa ukucha ulioguswa kwenye ncha tu. Wako umekwenda mbali. Uliza bei ya vidonge vyote 84 kabla ya kuanza, na kama fedha haijatimia, weka akiba kwanza. Kumeza wiki tatu, kuacha, kisha kuanza tena ni kutupa fedha.

Na mwezi wa nane? Hapana, Mama. Sitakudanganya. Ukucha uliokwisha kuharibika hauponi. Unasukumwa nje na mpya unaoota nyuma yake. Ukucha wa mguu unakua milimita moja mpaka moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo dole gumba linahitaji miezi 12 mpaka 18 kujibadilisha lote. Ukianza matibabu mwezi huu, siku ya harusi utakuwa na milimita tano hadi saba za ukucha safi shinani, si hata nusu. Wengi hukata tamaa hapo. Wanamaliza vidonge, wanaangalia mguu, wanaona bado ni mbaya, wanasema dawa haina kazi. Dawa inabaki ndani ya ukucha miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Fanya hivi: siku ya kuanza, chora mstari mwembamba kwa tupa pale ukucha mzima unapokutana na ulioharibika. Kila mwezi tazama. Mstari ukisogea mbele na nyuma yake kukawa safi, unashinda. Ubovu ukivuka mstari kurudi shinani, rudi kwa daktari.

Kwa siku ya harusi, zungumza na mdogo wako sasa, miezi mitano kabla, viatu vya kina mama wasimamizi vifungwe mbele. Naamini atakubali bila kuuliza sana. Kama kitambaa na viatu vimekwisha kulipiwa, basi siku ile nenda kwa verni, ukucha ukiwa umepunguzwa vizuri, na usiku huohuo itoe yote. Verni ya siku moja haitaharibu matibabu. Inayoharibu ni ile inayokaa mwezi mzima, ikificha ugonjwa usiuone na kufunga unyevu chini yake. Kucha za bandia usizikubali kabisa.

Huyo kijana wa pedikire ninamheshimu, anatafuta maisha kwa miguu yake kutoka Kadutu mpaka Ibanda. Lakini koleo lake na wembe wake vimepita kwenye miguu mingi kabla ya wako, na baada ya wako vitakwenda kwa wengine. Tupa ya mbao au karatasi haioshiki. Damu kidogo ikibaki kwenye wembe, virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kudumu hapo siku saba na bado vikaambukiza. Nunua vyako: mkasi, koleo, tupa, weka ndani ya kikopo chenye jina lako, umwambie atumie hivyo. Binti zako nao wawe na vyao. Vya chuma vichemshwe kila baada ya kazi. Akate ukucha wa mguu moja kwa moja, bila kuchimba kona. Na ile ngozi nyembamba ya ukingo, mwambie asiiguse tena maisha yake yote.

Hapo ninaingia kwenye vidole vya mkono, na hii ni habari nyingine kabisa. Usidhani ni ugonjwa ule wa miguu uliopanda juu. Ngozi ile ya ukingo ndiyo inayofunga nafasi kati ya ukucha na nyama. Maji ya saa kumi kwa siku, sabuni, chumvi na magamba ya sambaza yanailegeza, kijana wa pedikire anaimalizia kwa koleo, na maji yanaingia. Nyama inavimba, fangasi ya aina nyingine, Candida, inakaribia na kukaa, na ukucha unaoota chini ya uvimbe unatoka na mabonde. Terbinafini kwa Candida ni dhaifu, kwa hiyo usitegemee vidonge vya miguu vikuponye mikono.

Kinachoponya vidole hivi zaidi ya dawa yoyote ni ukavu, na ninajua ninamwambia muuza samaki. Basi tufanye yanayowezekana. Glavu za mpira, na ndani yake glavu nyembamba za pamba za kunyonya jasho, jozi mbili za pamba ili moja ikauke. Zikipasuka zitupe, glavu yenye tundu ni mbaya kuliko mkono mtupu kwa sababu inafuga maji. Kama glavu zinakuzuia kuchambua samaki, zivae basi wakati wa kuosha mabeseni, kufua na vyombo, na huko utakuwa umepunguza saa nyingi. Binti mkubwa akuoshee vyombo miezi mitatu hii. Kila ukimaliza kazi ya maji, kausha mikono mpaka pembeni ya kucha na upake vazilini kwenye ukingo. Daktari anaweza kukupa pomadi ya fangasi, na usishangae akikuongezea ya steroidi kwa muda mfupi kwa vidole hivi tu. Ile niliyokukataza miguuni, hapa ina kazi yake, kwa sababu uvimbe huu ni wa ngozi iliyochokozwa zaidi kuliko fangasi. Ukingo ukishajifunga tena, baada ya miezi kama mitatu, kucha za mikono zinakua kwa haraka, karibu milimita tatu kwa mwezi, na nusu mwaka inatosha kuzibadilisha.

Ukucha ukigeuka kijani, ni bakteria anayependa maji, onyesha kituo cha afya. Na kama usiku mmoja kidole kitaanza kupwita, kikawa chekundu na cha moto, usaha ukakusanyika, au wekundu ukapanda kuelekea kiganjani, hicho hakingoji siku ya soko ipite. Nenda asubuhi hiyohiyo, na beseni aliuze mwenzako wa meza ya pili.

Mama Muuguzi